Umekuta Makopo ya Filamu Kuukuu? Mwongozo Kamili wa Kuyaokoa, Pamoja na Kisa cha Within Our Gates

Mwaka 1920 Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mkulima South Dakota kabla ya kugeukia uandishi na sinema, alitoa filamu bubu iitwayo Within Our Gates. Nusu karne baadaye haikujulikana nakala hata moja iliyobaki Marekani. Filamu ikahesabiwa kuwa imepotea. Kumbe ilikuwa Madrid, kwenye hifadhi ya filamu ya Hispania, Filmoteca Española, ndani ya makopo yenye jina jingine kabisa: La Negra, yaani "Mwanamke Mweusi". Leo ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote zinazojulikana kubaki miongoni mwa zilizoongozwa na Mmarekani Mweusi.

Kisa hiki nakishika mkononi kama kurunzi kila ninapofikiria makopo yaliyosahauliwa darini, kwenye stoo za misheni, kwenye majumba ya sinema yaliyogeuzwa maghala. Filamu ile haikuokolewa na mtu aliyeijua thamani yake tangu mwanzo. Iliokolewa kwanza na watu ambao hawakuitupa, ingawa jina lake halikuwa sahihi na maneno yake hayakuwa ya Micheaux. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: wewe uliyekuta kopo na hujui ndani yake mna nini. Nitakupeleka hatua kwa hatua, na kila itakapofaa tutarudi kwa La Negra tuone walioiokoa walifanyaje.

Hatua ya 1: Usiwashe, usicheze, usifunguefungue

Jambo la kwanza la kufanya ukikuta filamu kuukuu ni kutoicheza. Projekta ya kale inaweza kuukata mkanda mkavu vipande ndani ya sekunde chache, na kama mkanda ni wa nitrati, taa ya projekta inaweza kuuwasha moto.

Nitrati ni neno unalopaswa kulijua kabla ya mengine yote. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi takriban mwaka 1951, filamu za milimita 35 za majumba ya sinema zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti isiyo na moshi. Picha yake huwa nzuri ajabu, angavu, yenye kina. Lakini ikishika moto haizimiki kwa njia unazozijua. Inabeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo ukiifunika blanketi au mchanga inaendelea kuwaka, na hata ukiizamisha majini inaendelea kuwaka. Moshi wake ni sumu inayoharibu mapafu.

Mkanda wa nitrati uliooza sana unaweza kujiwasha wenyewe ukikaa muda kwenye joto la nyuzi 41 hivi. Wewe unayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga unajua chini ya bati la nyumba saa nane mchana panafika wapi. Mwezi Julai 1937, katika siku za joto kali, ghala la filamu la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua na kuteketeza sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo. Hakuna aliyewasha kiberiti.

Kwa hiyo, kama unashuku nitrati: toa makopo kwenye joto, yapeleke mahali penye kivuli, penye hewa, mbali na chumba cha kulala, jiko, sigara, jenereta na nyaya za umeme. Yasiwe karibu na njia ya kutokea. Moto ukitokea usipambane nao. Toeni watu, fungeni mlango, mwite zimamoto, 114 kwa Tanzania na 999 kwa Kenya, na mwaambie waziwazi kwamba kinachoungua ni filamu ya nitrati ili wasiingie bila vifaa vya kupumulia.

Hatua ya 2: Jua mkanda ni wa aina gani

Pima upana kwa rula. Milimita 35 ndiyo ya majumba ya sinema, na ikiwa ni ya kabla ya 1951 ichukulie kuwa nitrati mpaka ithibitike vinginevyo. Milimita 16 ilianza kuuzwa na Kodak mwaka 1923 kwa matumizi ya nyumbani na shuleni, nayo ilitengenezwa kwa asetati, mkanda usio hatari ya moto. Ukikuta milimita 9.5 yenye tundu katikati, hiyo ni Pathé ya nyumbani ya tangu 1922, nayo vilevile ni salama.

Ukishajua upana, soma ukingo. Kwa lenzi ya kukuzia tafuta neno NITRATE au SAFETY. Hapa wengi huteleza, maana filamu inaponakiliwa, maandishi ya ukingo wa mkanda wa awali hunakiliwa pamoja na picha. Mkanda mmoja unaweza kubeba maneno mawili yanayopingana. Kanuni ya kukusaidia kwenye nakala ya kuonyeshwa ni hii: herufi nyeusi kwenye ukingo mweupe ni za mkanda wenyewe. Herufi angavu juu ya ukingo mweusi huwa zimerithiwa kutoka kwenye mkanda ulionakiliwa.

Mikanda ya Kodak ina alama ndogo pia, duara, mraba na pembetatu, zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa kiwandani. Mfumo huo ulianza 1916 na alama hujirudia kila baada ya miaka 20. Zinakwambia umri wa mkanda, si umri wa filamu. Nakala ya filamu ya 1920 inaweza kuwa kwenye mkanda wa 1936.

Angalia na matundu. Mkanda wa milimita 16 wenye matundu pande zote mbili mara nyingi ni wa filamu bubu. Wenye sauti huwa na matundu upande mmoja, na upande wa pili hubeba njia ya sauti.

Utasikia kuna jaribio la kuchoma kipande kidogo uone kinavyowaka. Usilifanye. Wala lile la kutumbukiza kipande kwenye kemikali uone kama kinazama. La kwanza linaweza kukuunguza, la pili lina mvuke wa sumu, na yote mawili yanakula fremu, yaani picha moja moja za mkanda, ambazo huenda hazipo popote pengine duniani.

Hatua ya 3: Isome hali yake kwa pua, macho na rula

Fungua kopo moja tu, nje, mchana, ukiwa umevaa glavu na barakoa. Kaa upande upepo unakotoka. Usibandue chochote kilichonata.

Harufu ya siki maana yake ni asetati inayooza. Siki halisi, ile ya kachumbari. Mkanda unatoa asidi, na asidi hiyo inaharakisha uozo, ndiyo maana kopo moja bovu huambukiza majirani zake. Asetati mpya ikikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 inachukua kama miaka 40 kabla siki haijaanza. Pwani yetu haina nyuzi 21 wala unyevu wa asilimia 50, basi fanya hesabu. Kuna vijikaratasi vya kupimia asidi vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani. Unakiweka kimoja ndani ya kopo kwa siku kadhaa, nacho hubadilika kutoka buluu kwenda kijani hadi manjano. Buluu ni salama. Manjano ni kilio.

Nitrati inaoza kwa ngazi tano, na ni vizuri uzijue kwa sababu ndizo zitakazoamua nani umpigie kwanza. Kwanza picha hufifia na mkanda hugeuka rangi ya kaharabu. Kisha utando wa picha hunata na mizunguko hushikana. Tatu, mapovu ya gesi hutokea na harufu kali husambaa. Nne, mkanda mzima huwa donge laini lenye povu. Tano, hubaki unga wa kahawia unaofanana na kutu. Katika ngazi mbili za kwanza filamu bado inaweza kunakiliwa. Ya tatu huokolewa vipande. Ya nne na ya tano haziokoleki na ni hatari, zinahitaji kuondolewa na wataalamu wa moto, si kutupwa jalalani. Usikate tamaa ukikuta unga ukingoni tu: pengine katikati ya rili, gurudumu linalozungushiwa mkanda, bado pazima.

Baadaye pima kusinyaa. Tandaza kipande kilicho huru, kwa upole, pembeni mwa rula ya chuma. Kwenye milimita 35, nafasi 100 za tundu hadi tundu kwa kawaida ni milimita 475. Ukipata 470, mkanda umesinyaa kwa zaidi ya asilimia 1, na mashine nyingi za kawaida zitaurarua. Kwenye milimita 16, nafasi 100 ni milimita 762. Andika namba hiyo; maabara itakuuliza kabla ya kuuliza jina la filamu.

Hatua ya 4: Piga picha, andika, usitenganishe

Kila kopo lipe namba. Piga picha ya kifuniko, ya karatasi zilizo ndani, ya fremu za mwanzo zilizo huru. Andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Risiti iliyokunjwa chini ya rili, lebo ya meli, muhuri wa forodha: vyote vikae na kopo lake. Kopo likishatenganishwa na karatasi yake, ni kama mtoto aliyetenganishwa na cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 5: Pa baridi na pakavu

Huwezi kuponya mkanda unaooza. Unaweza kuuchelewesha, na dawa ni baridi na ukavu. Maktaba ya Bunge la Marekani huko Culpeper, Virginia, ina vyumba 124 vya nitrati vyenye nyuzi 4 na unyevu wa asilimia 30. Hifadhi ya Uingereza, BFI, ina ghala Warwickshire linalokaa chini ya nyuzi sifuri.

Wewe huna ghala hilo. Lakini una hatua za katikati. Kama ni asetati, hamisha kutoka kopo la bati lenye kutu kwenda kopo la plastiki ya polipropilini lenye matundu ya hewa. Tenga zenye siki na zisizo na siki, vyumba viwili tofauti kama inawezekana. Chumba cha ofisi chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na mchana ni bora kuliko stoo. Ukiamua kutumia friji, rili iwe kavu, ndani ya mfuko usiopitisha mvuke na vifurushi vya kunyonya unyevu, na ukiitoa usiifungue hadi iwe imezoea joto la chumba kwa saa kadhaa, la sivyo jasho litatua juu ya picha. Friji ya nyumbani ni kwa asetati tu. Nitrati usiiweke kwenye friji ya familia hata kwa siku moja, na usiifungie kwenye mfuko usiopumua.

Laza makopo, usiyasimamishe. Sakafuni usiweke, mafuriko hayapigi hodi.

Hatua ya 6: Filamu hii ni ipi hasa?

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo La Negra inapotufundisha zaidi.

Jina kwenye kopo si ushahidi. Filamu bubu zilivuka mipaka kwa urahisi mno, maana ilitosha kukata kadi za maandishi, zile zinazotokea kati ya picha zikisema maneno ya wahusika, na kubandika za lugha nyingine. Msambazaji wa Hispania aliifanyia filamu ya Micheaux hivyo: kadi za Kiingereza zikaondolewa, za Kihispania zikawekwa, jina likabadilishwa. Kati ya kadi za awali zilibaki nne tu. Aliyetafuta Within Our Gates kwenye orodha asingeiona kamwe.

Basi usitafute kwa jina. Tafuta kwa nyuso, kwa matukio, kwa vitu vilivyoandikwa ndani ya picha: bango la duka, gazeti lililoshikwa, namba ya gari, barua iliyopigwa karibu. Kwenye filamu hii mhusika mkuu ni Sylvia Landry, mwalimu aliyechezwa na Evelyn Preer, anayetoka Kusini mwa Marekani kwenda Kaskazini kutafuta dola 5,000 za kuokoa shule ya watoto Weusi ya Piney Woods. Katikati anagongwa na gari la mwanamke tajiri, na ajali hiyo ndiyo inayofungua mlango wa msaada. Kisha hadithi inarudi nyuma, nasi tunaona jinsi wazazi waliomlea walivyouawa na kundi la Wazungu kwa kosa ambalo hawakulifanya. Muhtasari kama huo, ukilinganishwa na magazeti ya Weusi ya 1920 yaliyoitangaza na kuibishania filamu, ndio unaoipa filamu jina lake, si lebo ya kopo.

Magazeti yana kazi nyingine pia. Yanakwambia filamu ilikuwa ndefu kiasi gani na nini kilikatwa. Within Our Gates ilionyeshwa Chicago Januari 1920, miezi michache baada ya ghasia za kibaguzi za Julai 1919 zilizomwaga damu katika mji ule ule. Bodi ya udhibiti iliikataa kwanza, ikiogopa kwamba picha za mauaji zingeamsha ghasia nyingine. Ilipopita, ilionyeshwa miji tofauti katika hali tofauti, pengine imekatwa, pengine haijakatwa. Kwa hiyo ukiuliza "filamu ya asili ilikuwaje", jibu la kweli ni kwamba tangu wiki zake za kwanza hapakuwa na moja. Liandike hilo kwenye faili lako mapema, maana litakuja kukusumbua kwenye hatua ya 9.

Kwa nini nakala ikabaki Hispania na si Chicago? Pengine kwa sababu safari ya filamu ilikuwa na mwisho. Nakala ilizunguka mji hadi mji ikichakaa, na ilipofika mwisho wa njia, gharama ya kuirudisha ilizidi thamani yake. Mwaka 1978 huko Dawson City, kaskazini ya mbali ya Kanada, yalifukuliwa mamia ya marili ya nitrati yaliyokuwa yamezikwa kwenye bwawa la zamani la kuogelea, yakatunzwa na ardhi yenye barafu. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia. Symbol of the Unconquered, filamu nyingine ya Micheaux ya 1920, ilikutwa Ubelgiji. Kati ya filamu zake bubu zaidi ya 20 zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo zilitunzwa ng'ambo. Bandari zetu nazo zilipokea filamu kutoka Bombay, Cairo, London na Marekani. Usidharau kopo eti kwa sababu liko Pangani.

Hatua ya 7: Tafuta wenye ghala

Hapa tusirefushe. Anza na hifadhi ya nyaraka ya taifa lako. Kisha angalia wanachama wa FIAF, shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lililoanzishwa Paris mwaka 1938. Waandikie: upana, aina ya mkanda, idadi ya marili, kusinyaa, harufu, picha za fremu. Barua yenye namba hujibiwa haraka kuliko barua yenye hadithi.

Usiitume nitrati kwa basi wala kwa posta. Kwenye usafirishaji ni bidhaa hatari, namba UN 1324, kundi la yabisi ziwakazo, na inahitaji vifungashio na hati maalumu. Hifadhi inayoipokea itakuelekeza.

Jambo la haki: kumiliki kopo si kumiliki filamu. Within Our Gates, kwa kuwa ni ya 1920, haina tena hakimiliki Marekani, na ndiyo maana yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Filamu ya miaka ya 1960 uliyoikuta kwa marehemu babu ni suala jingine. Wekeni makubaliano kwa maandishi kabla ya mkanda kuondoka: ni zawadi au ni amana? Nakala ya kidijitali itarudi kwako lini?

Hatua ya 8: Kunakili

Kanuni kuu: mkanda wa awali usitupwe baada ya kuskaniwa. Wapo waliotupa nitrati baada ya kunakili kwenye milimita 16, na sasa nakala hiyo hafifu ndiyo pekee. Miaka 20 ijayo skana itakuwa bora kuliko ya leo, ila mkanda hautarudi.

Maabara iulize mambo matatu. Je, skana yao inavuta mkanda bila meno yanayoingia kwenye matundu? Kwa mkanda uliosinyaa hilo ni la lazima. Je, wataskani hadi ukingoni, pamoja na matundu na maandishi ya pembeni? Utahitaji ushahidi huo. Je, watakupa faili ghafi zisizosafishwa? Usafishaji wa kompyuta unaweza kufuta mvua, cheche, hata mpira unaorushwa, ukidhani ni mikwaruzo.

Kwa mikwaruzo yenyewe ipo mbinu nzuri ya zamani. Mkanda hupitishwa ndani ya kimiminika kinachopinda mwanga sawasawa na plastiki yake. Kimiminika hujaza mfereji wa mkwaruzo na mkwaruzo hauonekani tena. Hakuna kilichochorwa, hakuna kilichobuniwa.

Jiandae kwa ukubwa. Within Our Gates katika hali yake ya sasa ina dakika 79 hivi. Kwa kasi ya fremu 18 kwa sekunde hizo ni fremu zaidi ya 85,000. Kila fremu ya 4K, yaani picha yenye upana wa nukta 4,000 hivi, kwa ubora wa kuhifadhi ni megabaiti 50 hivi, kwa hiyo filamu moja ni zaidi ya terabaiti 4, na unahitaji nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine.

Hatua ya 9: Kurejesha bila kudanganya

Maktaba ya Bunge la Marekani ilikamilisha urejeshaji wa filamu hii mwaka 1993. Walikuwa na picha, lakini maneno yalikuwa ya Kihispania, na kipande kifupi katikati kilikuwa kimepotea. Fikiria ugumu huo: maneno ya Micheaux yalipita kwenye Kihispania, sasa yanatakiwa kurudi nyumbani. Ukitafsiri neno kwa neno unapata Kiingereza cha mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Msomi Scott Simmon aliifanya kazi hiyo. Aliondoa maelezo yaliyoongezwa kwa ajili ya watazamaji wa Hispania. Kisha akaiga namna Micheaux alivyoandika kwenye riwaya zake, na kwenye kadi za Body and Soul ya 1925, filamu bubu pekee ya Micheaux iliyobaki na maandishi yake ya awali. Pale palipopotea kipande, waliweka kadi inayosimulia kwa ufupi kilichotokea. Hawakuziba pengo kwa picha za kuokoteza. Naiheshimu sana kadi hiyo kuliko urejeshaji wowote unaong'aa: inamwambia mtazamaji hapa pana jeraha.

Ukipata nafasi ya kushiriki kazi kama hiyo, tengeneza daftari. Kila kadi uliyoibadilisha, kila kiungo (mahali vipande viwili vya mkanda vilipounganishwa) ulichohamisha, kila fremu uliyosafisha, andika ilivyokuwa na sababu ya kuigusa. Viungo vya zamani vitazame kwa makini: kiungo katikati ya tukio chaweza kuwa mkanda ulikatika, au mkono wa mdhibiti, au mwonyeshaji aliyejikatia fremu za kumbukumbu. Na kila ulichofanya kiwe kinaweza kutenguliwa na atakayekuja nyuma yako.

Kasi nayo ni uamuzi. Filamu bubu zilipigwa kwa mkono kwa fremu 16, 18, 20 au zaidi kwa sekunde, na ukizicheza kwa 24 za leo watu wanatimka kama sisimizi, kilio kinageuka kichekesho. Rili ya futi 1,000 ina fremu 16,000: kwa 16 ni dakika 16 na sekunde 40, kwa 24 ni dakika 11 tu. Tazama vitu visivyoweza kuigiza: maji yanayomiminwa, nguo inayoanguka, mtu mzima anavyoinuka kitini. Rekebisha mpaka uzito wao uwe wa kweli. Kwenye tukio la familia ya Landry kupelekwa kwenye kamba, kosa la fremu sita kwa sekunde ni kosa la heshima.

Filamu nyingi bubu zilitiwa rangi: buluu kwa usiku, kaharabu kwa ndani ya nyumba, nyekundu kwa moto. Ukiona rangi moja imetanda fremu nzima, usiifute ukidhani ni uchafu.

Hatua ya 10: Baada ya faili

Faili hufa upesi kuliko mkanda. Diski inakwama, umbizo linapitwa na wakati, nywila inakwenda na aliyeijua. Tengeneza alama tambulishi ya kila faili kwa programu ya kukokotoa heshi, na uikokotoe tena kila mwaka. Ikitofautiana, faili limeharibika na unarudisha kutoka nakala nyingine. Hamisha kwenda chombo kipya kila baada ya miaka mitano hivi. Kama fedha ipo, chapisha nakala moja kwenye mkanda mpya wa poliesta, kwa maana mkanda mweusi na mweupe uliowekwa pa baridi huishi mamia ya miaka na unasomwa kwa jicho na taa.

Nasema haya nikikumbuka Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki, milimita 16, picha bubu zikiandamana na sauti ya sahani za santuri. Zilitengenezwa filamu 35, nyingine hadithi za kuigiza zilizochezwa na wenyeji. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo ziko BFI, Uingereza. Maneno ya watengenezaji yalikuwa ya dharau mara nyingi, lakini nyuso ni za babu na bibi zetu. Nyingine 32 zilizungushwa kwa lori vijiji hadi vijiji, na lori lilipita Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Kama una stoo ya zamani ya misheni, shule au idara ya kilimo karibu nawe, omba ufunguo.

Mwisho, panga siku moja ya mwaka ya kufungua makopo. Mimi natumia tarehe 27 Oktoba, ambayo UNESCO imeitenga kuwa siku ya urithi wa picha na sauti, kwa sababu ni rahisi kuikumbuka. Asubuhi, kabla jua halijakolea: nusa kila kopo, soma rangi ya kijikaratasi, pima nafasi 100 za rili moja, kokotoa heshi za faili, andika tarehe na jina lako kwenye daftari, kisha mwonyeshe mtu mwingine mmoja mahali ufunguo unapokaa.